Upande wa Pili wa Santuri Isiyokuwepo

Ijumaa, 1 Agosti

Leo siku ya albamu. Kila Ijumaa, katika kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa jazz hapa Singida, kila mtu anaweka picha ya albamu anayosikiliza na kueleza kidogo. Nathan hakueleza kidogo. Kamweka mpiga kinanda wa Addis Ababa na maelezo yasiyoisha. Eti kinanda "kinapumua". Watu wakammwagia makofi. Mimi nikaweka yangu, nikaandika: nzuri sana. Mama Marietha, mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu, akanikumbusha kwa upole kwamba hiyo niliiweka Ijumaa iliyopita. Na ile ya kabla yake.

Si haki! Nathan ana duka la dawa hapa Utemini. Duka la dawa ni kimya kutwa nzima. Mimi nina mashine ya kukamua alizeti, na huu ndio msimu. Ikianza kunguruma, saksofoni zote za dunia zinageuka mashudu.

Halafu habari kubwa. Redio ya mjini imetupa saa moja kila Jumapili alasiri. Kipindi cha jazz! Anatakiwa mtangazaji mmoja kutoka kundini. Nathan akaandika kwamba yeye "hana pingamizi". Hana pingamizi! Nani kamwomba?

Kipindi ni changu. Nimeamua. Tangu utoto wangu Kinampanda, nikilala na redio ya baba kifuani, nilijua ipo siku nitasema "mpenzi msikilizaji" na hakuna atakayenikatiza.

Jioni nikaweka albamu nyingine, jina tu bila picha. Kilimatinde Jazz, "Bonde Halina Haraka". Santuri ya mwaka 1964. Nakala chache mno.

Bendi hiyo haipo. Santuri hiyo haipo. Nimeitunga nikisubiri dumu lijae mafuta.

Kundi likalipuka.

Jumamosi, 2 Agosti

Utukufu! Watu ambao hawajawahi kunijibu salamu wananiita "kaka Peniel". Mama Marietha kanipigia mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeongea na msomi. Akauliza santuri niliipata wapi. Nikasema ni habari ndefu. Hiyo ndiyo faida ya habari ndefu, hakuna anayetaka kuisikia kwenye simu.

Nathan kimya. Kimya kitamu kuliko muziki.

Mke wangu Evodia kauliza hiyo santuri iko wapi, maana yeye ndiye anafagia nyumba hii na hajaiona. Nikamweleza kwamba muziki si lazima uwe kitu cha kushika. Akasema vizuri, basi na chakula cha mchana leo si cha kushika. Nimekula karanga.

Jumapili, 3 Agosti

Haiwezekani!

Tumetoka kanisani, nafungua simu, Nathan kaandika. Anaifahamu albamu hiyo! Mjomba wake alikuwa nayo Manyoni. Anasema tarumbeta la wimbo wa pili si baya, ila upande wa pili wa santuri "umechoka".

Umechoka! Upande wa pili! Mtu anawezaje kudharau kitu ambacho hajakisikia, na ambacho hakuna? Mwongo mkubwa. Na siwezi kumwumbua, kwa sababu nitakuwa wa kwanza kuumbuka.

Nikautetea upande wa pili kwa moyo wangu wote. Nikasema haujachoka, umetulia. Nikasema gitaa la wimbo wa mwisho linahitaji sikio lililokomaa. Akajibu kwamba sikio lililokomaa ndilo hilo lake. Tumebishana hadi jua linazama. Nusu ya kundi wako upande wangu. Mmoja kasema babu yake aliucheza wimbo huo siku ya harusi.

Mwishoni nilikuwa na hasira ya kweli. Ni albamu nzuri ile!

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa. Mama Marietha kaamua: Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, wote tukutane uani kwake tuisikilize. Mimi nilete santuri. Derick, kijana anayesimamia vipindi pale redioni, atakuwepo. Mimi na Nathan tutaieleza, na atakayeeleza vizuri zaidi atapewa kipindi.

Nimefikiria kuivunja. Lakini huwezi kuvunja kisichokuwepo bila kuonyesha vipande.

Evodia kashauri niseme ukweli. Nikamwuliza kama ana ushauri mwingine. Akasema kitu kwa Kinyaturu, ambacho mimi Mnyiramba najifanya sikielewi.

Adhuhuri nikapata akili. Bendi haipo, sawa. Lakini Kilimatinde ipo! Mteja mmoja wa mafuta kaniambia kanisa la huko lina watu wa tarumbeta, na mkubwa wao anaitwa Antipasi. Kesho naondoka na basi la kwanza.

Mtu aliyedhamiria hashindwi na jambo dogo kama ukweli.

Jumanne, 5 Agosti

Basi hadi Manyoni, halafu bodaboda kupanda mlima. Upepo wa Kilimatinde ni mwingine kabisa. Unatoka bondeni kama mtu aliyetumwa kukuvua kofia. Mimi nimevuliwa. Haijaonekana tena.

Antipasi ni mkulima, mrefu, mpole, jino moja la mbele halipo. Nikahofia tarumbeta. Akasema jino halijawahi kupuliza kitu. Akamwita Kristina, mwalimu wa kwaya, mwenye gitaa, na shemeji yake mpiga ngoma. Nikawaambia nafanya utafiti wa muziki wa zamani. Tukakaa nyuma ya kanisa, simu yangu juu ya tofali.

Wakapiga wimbo wa ibada. Nikawaomba wamwondoe Mungu kidogo. Kristina akaweka gitaa chini, akaniangalia. Akasema Mungu haondolewi, ila wanaweza kwenda naye polepole.

Wakaenda naye polepole.

Sijui niandikeje. Tarumbeta lilianza chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake njiani, halafu likapanda, na upepo ukalichukua ukalipeleka bondeni. Gitaa likabaki likilisubiri. Sikuangalia simu. Sikuwaza nitaandika nini kundini. Walipomaliza nikagundua nimeshika mkono wa shemeji wa ngoma. Naye hakuutoa.

Nyimbo nne. Wakati wa kuagana Antipasi hakutaka kitu. Akasema ombi lake ni dogo tu.

"Ukiwapigia watu huko mjini, ututaje majina. Hatujawahi kutajwa popote."

Nikamwambia hilo halina hata haja ya kuombwa.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi ya kuizeesha. Sauti ni safi mno, inasikika kama ya juzi, na ni ya jana. Santuri ya zamani ina ile mikwaruzo, kama kitu kinachokaangwa. Nikafikiri. Kitu gani kinasikika kama kinakaangwa?

Vitunguu!

Nikapiga rekodi kwenye spika jikoni, simu ya Evodia ikirekodi upya karibu na jiko, na Evodia akikaanga vitunguu kwa mafuta ya mashine yangu. Muziki mzuri ajabu! Miaka sitini imeingia kwenye sufuria moja. Tumekula vitunguu mchana na jioni. Selina, binti yetu, kauliza kama tumefilisika.

Nathan kaandika kundini kwamba anasubiri "kwa hamu na kwa mashaka". Mashaka ya nini, wakati mjomba wake alikuwa nayo?

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nimeshinda!

Uani kwa Mama Marietha viti vimejaa. Nathan kavaa koti. Nikatangaza kwamba santuri yenyewe ni dhaifu kwa uzee, haiwezi kusafirishwa, nimeleta nakala kwenye flashi. Nathan akakohoa. Lakini vitunguu vilipoanza kutatarika kwenye spika, watu wakasogeza viti mbele. Tarumbeta likaingia. Mama Marietha akavua miwani.

Nathan akafumba macho, akatikisa kichwa. Akasema, "Ndiyo yenyewe."

Ndiyo yenyewe! Mwongo huyu angeweza kuwa mbunge.

Kisha wimbo wa tatu. Katikati ya gitaa, sauti ya mwanamke, wazi kabisa: "Pisha, mafuta yanaruka!"

Evodia! Sikuisikia nilipoikagua, mashine ilikuwa inanguruma. Watu wakageuka.

Aliyeniokoa ni Nathan. Akainua kidole, akaeleza kwamba ule ni mwito wa wachezaji wa enzi hizo, "mafuta" maana yake ni wacheza dansi hodari, na watu walitakiwa kuwapisha uwanjani. Alisema mjomba wake alikuwa akiuitikia. Kila mtu akasema ahaa. Mzee mmoja nyuma akasema anakumbuka. Ikabidi nami nikubali, tena kwa kuongezea kwamba mwito huo ulianzia Kilimatinde.

Derick kafurahi mno. Akauliza wanamuziki wale wako wapi siku hizi.

Hapo nilifungua kinywa kusema Antipasi. Kusema Kristina. Majina yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini watu wote walikuwa wananiangalia, na Nathan alikuwa amefumbua macho.

Nikasema wote wametangulia mbele ya haki.

Wakasimama dakika nzima kwa heshima. Nilisimama nao. Kipindi ni changu, kuanzia Jumapili. Evodia hajanipongeza. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho, mkono umeziba mdomo, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Jumapili, 10 Agosti

"Mpenzi msikilizaji!" Nimelisema. Limetoka vizuri. Derick akanionyesha dole gumba kutoka nyuma ya kioo.

Nikapiga nyimbo zote nne. Muda ukabaki. Redioni muda ukibaki lazima useme kitu. Nikasimulia maisha ya mpiga tarumbeta. Sikumtaja jina, kwa uangalifu. Nilisema tu alikuwa mkulima, mrefu, mpole, na jino moja la mbele hakuwa nalo, akafariki mwaka 1971 kwa kuanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Kilimatinde, tarumbeta likiwa mgongoni. Nikasema lilisikika likilia lenyewe kwa upepo hadi walipomkuta. Derick akafuta machozi. Na mimi nikalia. Ilikuwa ajali mbaya sana.

Nimetoka nje, simu inaita. Antipasi.

Akanisalimia. Akauliza hali ya nyumbani, watoto, alizeti. Nikajibu salama, salama, salama. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo:

"Ndugu Peniel, nilikuwa nauliza tu. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya nani? Maana mimi sina."

Nikakaa chini pale pale mlangoni.

Akasema walikuwa wamekaa yeye na dada yake mkubwa, redio mezani. Dada akalitambua tarumbeta tangu wimbo wa kwanza, akaita majirani waje wasikie. Majirani wakajaa. Wakisubiri majina, wakasikia kifo. Dada akaangua kilio na yeye Antipasi yuko hapo hapo pembeni yake. Jirani mmoja kaleta kuku wa msiba, na hataki kumrudisha nyumbani.

Kristina akaichukua simu. Huyo hana upole.

"Mwenzangu angalau kafa," akasema. "Mimi sikutajwa hata kufa."

Wanakuja Jumanne.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango. Nitawapokea stendi wakishuka tu. Nitawapeleka moja kwa moja kula kuku wa kienyeji, mbali na Utemini. Nitaomba radhi. Nitaeleza kwamba kwenye sanaa, kufa ni heshima kubwa. Kisha basi la jioni, na hakuna atakayejua. Mpango huu hauna tundu.

Jumanne, 12 Agosti

Ulikuwa na tundu. Basi liliwahi.

Nimefika stendi, hawapo. Wamekwisha kuuliza njia. Wageni wakifika Utemini wanauliza wapi? Kwenye duka safi lenye mtu aliyekaa kimya. Duka la dawa! Antipasi, tarumbeta mkononi, akamwuliza Nathan kwa adabu nyumbani kwa Peniel ni wapi, yule wa redioni, aliyemwua.

Alasiri tulikuwa wote uani kwa Mama Marietha. Nathan kavaa koti tena! Alisimulia kila kitu kwa furaha ambayo hata hakujaribu kuificha. Watu wakanigeukia. Nikaanza habari ya haki za wasanii. Mama Marietha akainua mkono tu, kama anavyozuia mgonjwa asiongee na kipima joto mdomoni.

"Peniel. Santuri ipo, au haipo?"

Nikasema haipo.

"Imewahi kuwepo?"

Nikasema kwa kiasi fulani. Evodia akanikanyaga. Nikasema haijawahi.

Kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na mtu wa mashine ya alizeti anakijua kimya kwa kukikosa. Nathan alikuwa anatabasamu. Mama Marietha akamgeukia polepole.

"Na ya mjomba wako, Nathan?"

Tabasamu likabaki, mwenyewe akaondoka. Akasema mjomba alikuwa na santuri nyingi. Akasema kumbukumbu ni kitu cha ajabu. Halafu akaangalia viatu vyake. Yule mzee wa nyuma, aliyekumbuka mwito, akaaga akasema ana ng'ombe.

Nikageuka kwa Antipasi. Hakuwa amekunja uso. Hilo ndilo lililonichoma. Nikamwambia anisamehe. Akasema yeye kifo hakimsumbui, kila mtu atakufa. Ila alimwahidi dada yake kwamba siku hiyo watatajwa. Dada alikuwa amevaa nguo ya sikukuu kusikiliza redio.

Nikaenda kumletea Antipasi maji.

Kristina akasema wamepanda basi, hawakuja kutazamana. Akatoa gitaa. Wakapiga, wawili tu, bila ngoma maana shemeji alibaki Kilimatinde, bila vitunguu. Watu hawakupiga picha. Mama Marietha alikaa mikono mapajani, kama mtu anayeota jua la asubuhi. Nathan alifumba macho, na safari hii nadhani alikuwa anasikiliza.

Hukumu ya Mama Marietha: Jumapili wao wawili ndio watakaopiga redioni, moja kwa moja. Mimi nitafungua kipindi kwa masahihisho, kisha nitoke. Kuanzia hapo kitaongozwa na Kristina. Na leo mimi na Nathan tupange viti.

Tukapanga. Mwishoni akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba pamoja na yote, upande wa pili ulikuwa umechoka kweli. Nikamwambia hana sikio. Tukacheka hadi viti vikatuanguka. Mama Marietha akatuamuru tuvipange upya.

Jumapili, 17 Agosti

Nimesoma masahihisho. "Mpenzi msikilizaji, marehemu niliyemzungumzia Jumapili iliyopita yupo hapa, ni mzima, na baiskeli hana." Nikataja majina. Antipasi wa Kilimatinde, tarumbeta. Kristina wa Kilimatinde, gitaa. Nikayataja mara ya pili, polepole, ingawa haikuwa kwenye karatasi. Derick hakunikataza.

Nikatoka nje nikasimama dirishani. Wakapiga ule wa kwanza. Simu za redio zikaanza kuita kutoka Iramba, kutoka Ikungi. Mama mmoja alitaka tu kujua kama yule mzima ameoa. Antipasi alipotoka, simu yake nayo iliita. Dada yake. Hakuongea, alicheka tu upande wa pili, naye akaishika simu hivyo hivyo sikioni hadi akamaliza.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nilijisikia mwepesi. Nikamwambia Evodia nimejifunza. Tangu leo, neno langu moja. Nilichonacho ninacho, nisichonacho sinacho. Akaniwekea nyama mbili. Nyumba yenye amani ni kitu kizuri sana.

Jumatatu, 18 Agosti

Kristina kapiga simu. Wamealikwa kupiga harusi kubwa Manyoni mwezi ujao, harusi ya watu wenye nafasi, baada ya kusikika redioni. Tatizo moja: bibi harusi anataka saksofoni. Kauliza kama katika kundi letu namfahamu mtu yeyote anayeipiga vizuri.

Sikutaka kusema. Mungu ni shahidi. Lakini mtu ameuliza kwa heshima, na harusi ni jambo la kheri, na huyo bibi harusi hana kosa lolote.

Nikamwambia yupo mmoja hapa Utemini. Mnyenyekevu mno, hapendi kutajwa.

Akauliza ni hodari kiasi gani. Nikasema mimi si mtu wa kutia chumvi, hasa baada ya yaliyotokea, lakini akisikika, watu huacha kula.

Wanamsubiri mazoezini Jumamosi. Zipo siku nne nzima kabla ya hapo, na mtu aliyedhamiria anaweza mengi. Kesho asubuhi, kabla sijawasha mashine, nitatafuta saksofoni. Nikiipata, nitatafuta mtu wa kunionyesha inapulizwa upande gani.